Kwangueni rangi kwanza, ndipo mpake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye nyumba wa Mji Mkongwe, hasa sasa masika yamekatika na kila mtu anatafuta fundi wa kupaka.

Kazi yangu ni chokaa. Nikiitwa mahali, swali la kwanza ni ndoo ngapi za rangi zitaingia. Ukuta wa barabarani umejaa malengelenge na magamba yaliyojikunja, lakini nikisema haya yote yakwanguliwe kwanza, naambiwa, "Fundi, we piga juu yake tu, wageni wanaanza kuingia." Akija mwengine akakubali kupiga juu yake, kazi anapewa yeye. Masika yanayofuata magamba yamerudi, tena makubwa zaidi.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa saruji. Ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na ya ardhini kisha huyatoa taratibu kwa upepo na jua. Rangi ya plastiki huufunga. Maji yakikosa njia hubaki nyuma ya rangi, chumvi yake ikaganda pale pale, rangi ikavimba, lipu ikageuka unga. Gongeni ukuta kwa fundo la kidole: panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe. Baya zaidi hamulioni. Unyevu huo huo hufika kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyozikwa ukutani, na boriti ikioza kichwa, dari na sakafu ya juu yake haina pa kushika.

Kwa hiyo rangi ile itoke, na itoke kwa mkono. Mimi huanza juu nikashuka chini, nikilowesha kipande kidogo kidogo. Bamba la kukwangulia hulilaza karibu na ukuta, silisimamishi, maana likisimama linachimba. Mabaki nayasugua kwa brashi ngumu na maji. Pakigoma, nalowesha tena na kungoja. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wakachukua grenda. Grenda huondoa rangi pamoja na uso mgumu wa chokaa, ukabaki mchanga mtupu na michirizi ya duara ambayo haifichiki. Pampu ya maji ya nguvu nayo hurudisha ndani maji tunayotaka yatoke. Baada ya kukwangua, uacheni ukuta wazi ukauke kwa wiki kadhaa. Najua sura yake haipendezi wakati huo. Vumilieni. Kisha ndiyo chokaa, nyepesi, mara nne au tano, kila mara ukuta umeloweshwa kabla. Kipupwe ndio wakati wake, kwa sababu jua la kiangazi huikausha chokaa kabla haijashika.

Milango na madirisha ni habari nyengine, na hapa nawaomba sana wazazi. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku rangi zenye risasi majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Hapa kwetu naona mlango unapigwa msasa mkavu, vumbi linatua barazani, na watoto wamekaa pale pale wanakula maembe. Mwengine anachoma rangi kwa moto, moshi wote anauvuta yeye. Lowesheni kabla ya kukwangua, tandikeni turubai, fundi avae barakoa ya vumbi, watoto waondoke, na mwisho pafutwe kwa kitambaa kibichi. Pasifagiliwe.

Ombi langu ni moja. Mnapopatana na fundi, bei ya kukwangua iandikwe peke yake, na siku zake peke yake, mbali na kupaka. Ikichanganywa, ndiyo ya kwanza kukatwa. Wenye mahoteli ndio waanze, kwani wao wana uwezo, na mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Wageni wao wanaufuata huo. Na kijana yeyote anayetaka kujifunza kushika bamba, aje Malindi asubuhi, aulizie fundi wa chokaa. Nitamfundisha bila malipo.

Fundi wa chokaa,
Malindi, Unguja