Novemba ya Helsinki

Kaka, shikamoo.

Shemeji na watoto hawajambo? Kwa kuwa Neema anafika mwanzoni mwa Novemba, heri ajue mapema huo mwezi ulivyo. Wafini wenyewe wanauita marraskuu, mwezi wa kifo, wala hawajatia chumvi. Majani yameshapukutika yote na theluji ya kukaa bado. Katika Jumamosi ya Watakatifu Wote, kati ya tarehe 31 Oktoba na 6 Novemba, watu huwasha mishumaa makaburini. Akiwahi, aende makaburi ya Hietaniemi jioni akaone.

Baridi isiwatie hofu sana, maana kipimajoto huchezacheza karibu na sufuri. Makali yenyewe ni Januari na Februari. Kazi ni giza. Mwezi ukianza jua linatua saa 10:20 jioni, na ukiisha linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama saa 9:20 alasiri. Utsjoki, kaskazini kabisa, mwishoni mwa mwezi linaaga hadi katikati ya Januari. Kwa maoni yangu Novemba ni nzito kuliko Desemba, kwa sababu theluji ikishatanda, hata taa ya barabarani inatosha kuangaza mtaa mzima.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni riflekta; hadi 2020 sheria ilimtaka mwenda kwa miguu aivae gizani. Ni kile kibao kidogo chenye uzi, kinachorudisha mwanga wa taa. Afunge pini ndani ya mfuko wa koti, kining'inie usawa wa goti, kimoja kila upande, maana taa za gari zinamulika chini. Bila riflekta dereva anamwona akiwa mita 50 hivi tu. Kikichubuka kitupwe, hata kama kwa macho kinaonekana kizima: mikwaruzo inaua mng'ao.

Viatu asinunue huko. Soli ngumu ya plastiki inateleza vibaya. Anahitaji mpira laini, na nafasi ya soksi nene, kwani kiatu kikibana mguu unapoa upesi. Fulana ya ndani iwe ya sufu. Pamba ikishika jasho inabaki na umajimaji, na hapo ndipo mtu anapotetemeka. Hatari kubwa ni asubuhi baada ya mvua: maji yameganda usiku, lami inaonekana imelowa tu kumbe ni barafu. Hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Barafu changa ya ziwani asiikanyage kabisa.

Vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, hutumiwa sana huku kuanzia Oktoba hadi Machi, nitamwekea.

Halafu simu: tangu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku zinarudi nyuma, mtatutangulia kwa saa 1 hadi mwisho wa Machi. Mkipiga saa 3 usiku, sisi ni saa 2, tutakuwa macho.

Nisalimie wote.

Mdogo wako