Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Saini na Thamani ya Noti za Zamani

Ndugu wanakamati na wanachama wenzangu wa chama chetu cha wakusanyaji wa noti,

Karibu kila kikao chetu cha mwaka huu hapa Mombasa kilirudi kwenye swali moja: kwa nini noti mbili za picha moja, na zote safi, zipishane bei mnadani? Mara nyingi jibu limo katika saini, sehemu ambayo wengi tumezoea kuipita macho.

Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti zake za kwanza Septemba 1966, za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100, gavana alikuwa Leon Baranski. Hakudumu. Duncan Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukalia kiti hicho, alimrithi mwaka 1967 akakaa hadi 1982. Ndiyo maana noti yenye saini ya Baranski, ikiwa haina mkunjo, hutafutwa sana, ilhali saini ya Ndegwa imepita mikononi mwa kizazi kizima.

Saini huwa na uzito zaidi pale noti isipokuwa na tarehe. Mfano ni noti za mwaka 1964 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa fedha za kanda yetu kabla ya benki kuu za nchi, zile zenye mashua ya tanga ziwani badala ya sura ya Malkia wa Uingereza. Tarehe haikuchapishwa, hivyo kinachotenganisha toleo moja na jingine ni majina ya wajumbe wa Bodi waliotia saini. Mama mmoja wa Mji wa Kale alituletea noti ya aina hiyo, iliyokuwa katika kasha la marehemu babake. Tulipoiinua kwenye mwanga, kichwa cha kifaru kilionekana wazi ndani ya karatasi na saini zote zilisomeka. Lakini pembe moja ilikuwa imeungwa kwa selotepu, na gundi ilikuwa imepenya hadi upande wa pili. Nilisikitika sana, kwa kuwa mchaniko wenyewe ulikuwa mdogo na ungeachwa ulivyo noti ingebaki na sehemu kubwa ya thamani yake.

Kwa hiyo kamati inawasihi wanachama wasifue noti, wasizipige pasi wala kuziunga. Joto na unyevu wa pwani yetu vinatosha kuziharibu. Zihifadhiwe bapa, katika mifuko ya plastiki isiyo na PVC (aina ya plastiki inayoweza kudhuru noti), mbali na ukuta unaovuja.

Wapo wanaoamini kwamba umri pekee huleta bei. Sikubaliani nao: noti kuukuu iliyochakaa, ya toleo lililochapwa kwa wingi, haina wanunuzi wengi.

Tusidharau za sasa pia. Agosti 2024 Benki Kuu ilitangaza noti zenye saini za Gavana Kamau Thugge na Katibu wa Wizara ya Fedha, Chris Kiptoo, pamoja na mwaka 2024 na nyuzi mpya za usalama, huku picha zikibaki zilezile za 2019. Zile za 2019, zenye saini ya gavana aliyemtangulia Thugge, Patrick Njoroge, bado ni halali na zinapatikana madukani kwa thamani yake ya kawaida. Huu ndio wakati wa kuweka kando zilizo safi.

Hesabu za fedha mtazipokea kwa mweka hazina. Kwa upande wangu, naomba kila mwanachama alete kwenye kikao kijacho orodha ya noti zake, akionyesha mwaka, namba na saini, ili tuanze daftari la pamoja la chama.