Dada Zuhura, mwambieni Shangazi siumwi

Dada Zuhura, shikamoo.

Ujumbe wa Hamisi nimeupata. Pesa ya bati natuma nusu mwisho wa mwezi, iliyobaki mwezi unaofuata. Hilo lisiwape presha. Linaloniuma ni Shangazi Tatu. Picha nimetuma kwa furaha, yeye anaizungusha Ujiji nzima kwamba nimekwisha, nina ule ugonjwa. Mpaka watu wa Kibirizi wanampigia Mama kumpa pole! Pole ya nini?

Mwelezeni hivi. Nimefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, wameondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula. Watu wanadhani unakonda kwa kuwa tumbo limekuwa dogo, basi. Sivyo. Ile sehemu ya juu iliyokatwa ndiyo hasa inayotengeneza ghrelini, homoni ya njaa. Ikipungua, njaa nayo inapoa. Halafu chakula kinashuka upesi kwenye utumbo, na utumbo unamwaga homoni nyingine, GLP-1, inayouambia ubongo tumeshiba na kulihimiza kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari. Ndiyo maana sukari yangu ilianza kushuka siku zile zile za mwanzo, kabla hata nguo hazijanipwaya.

Dada, metfomini, ile dawa ya sukari, nimeachishwa! Daktari mwenyewe ndiye kasema. Unakumbuka sindano za Baba, na kile kidonda cha mguuni. Katika nyumba yetu mimi ndiye wa kwanza kuambiwa weka dawa pembeni. Kasema sukari inaweza kurudi, kwa hiyo napima. Hata siku zangu, zilizokuwa zikipotea miezi, sasa zinakuja kwa mpangilio. Mimba wamenikataza kwanza, hadi mwaka na nusu upite, basi Mama asianze kuuliza mjukuu.

Nywele alizoziona Shangazi zimepungua kwa sababu mwili umekonda kwa kasi. Mara nyingi huota tena. Vidonge vya vitamini na madini ya chuma nitameza maisha yangu yote. Soda sigusi, ikishuka tu natoka jasho na moyo unaenda mbio.

Ila migebuka ya mawese, Dada! Huku samaki hawana ladha, na ugali wa muhogo nauota. Siku hizi tonge tatu zinanitosha, lakini hizo tatu nazitaka za kwenu. Mtoto wa Mzee Kassimu akija, mpe dagaa waliokauka vizuri, wasio na mchanga. Daktari anataka nianze na protini kila nikila.

Barua hii Hamisi aisome kwa sauti, Shangazi akiwepo.

Mdogo wako,
Mwasiti