Mtoto hapakatwi siti ya mbele

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita nilisimama Chalinze kujaza mafuta. Kwenye pampu ya jirani kulikuwa na gari dogo, baba kwenye usukani, mama pembeni yake amempakata mtoto wa kama miezi minane, na mkanda mmoja umewazunguka wote wawili. Mama alikuwa ametulia kabisa. Kwake yeye mtoto amefungwa mkanda. Nyuma ya kisogo cha mtoto, hata mkono mmoja haufiki, dashibodi imeandikwa SRS AIRBAG, yaani humo ndani umefichwa mfuko wa hewa, na nusu ya maandishi imefunikwa na kapeti la manyoya.

Nawaandikia kwa ajili ya mtoto yule, maana wenzake nawaona kila ninaposafiri.

Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama papo hapo, mtoto wa kilo 10 anatupwa mbele kwa nguvu ya mzigo unaozidi kilo 100. Mikono ya mama haiwezi kuuzuia, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na wakifungwa mkanda mmoja, mwili wa mama ndio unaombana mtoto kwenye mkanda huo. Hapo mfuko wa hewa nao unafumuka. Watu wanaudhania mto laini, kumbe unajaa kwa mlipuko, haraka kuliko kupepesa jicho, na kichwa kilichousogelea unakipiga kwa nguvu yote. Ndiyo maana kwenye kizuia jua cha magari mengi tunayoagiza Japani kuna picha ya kiti cha mtoto iliyokatwa mstari mwekundu. Maandishi ni ya Kijapani, lakini picha haihitaji mkalimani. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa, hata kama mnakwenda mtaa wa pili. Na watoto wote wa chini ya miaka 13, mahali pao ni nyuma, kila mmoja amefungwa kwa umri na kimo chake.

Halafu kuna sisi watu wazima. Herufi ya kwanza ya SRS inasema huo ni mfumo wa nyongeza, yaani nyongeza ya mkanda. Mkanda wa pointi 3, aliouunda Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, unakushika kitini. Mfuko unapokea kichwa na kifua ambacho mkanda umeshakipunguza kasi. Asiyefunga anaurukia mfuko ukiwa ndio kwanza unafumuka. Lakini wapo wanaonunua kichwa cha mkanda kitupu na kukichomeka ili kengele inyamaze, na wapo wanaouvuta kifuani kwa mkono wakimwona trafiki, wakishampita wanauachia. Kuuvuta tayari wameuvuta! Kilichobaki ni kuuchomeka tu.

Dereva akae kifua chake kiwe walau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Mjamzito naye afunge, ila mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu upite kati ya matiti.

Jambo la mwisho limenikuta mwenyewe. Gari langu nilinunua mkononi mwa mtu, nikaliendesha mwaka mzima bila kujua kwamba mifuko ya hewa haimo. Lilishawahi kugongwa, mifuko ikafumuka, na fundi akafunika matundu na kung'oa taa yake isije ikamshtua mnunuzi. Ukifungua swichi, taa ya mfuko wa hewa inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, mpigie fundi unayemwamini kabla hujalipa hata shilingi. Naomba na wakaguzi wa magari waitazame taa hiyo kama wanavyotazama matairi.

Pale Chalinze nilimfuata yule baba. "Samahani kaka, naomba shemeji ahamie nyuma na mtoto," nikamwonyesha ile picha kwenye kizuia jua chake. Aliitazama kitambo. Akashuka, akatoa gunia la mchele siti ya nyuma akalipeleka kwenye buti, na mama akahama. Kiti cha mtoto hawakuwa nacho. Aliniuliza vinauzwa wapi, nikamwelekeza.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro