Bibi wa kwenye treni

Mama Ima shosti wangu,

Mambo, watoto hawajambo, shikamoo yangu mfikishie mama. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa kina Sada, usianze kunisema, simu ilidumbukia kwenye ndoo, namba yako nimekuja kuipata kwa Rehema. Nna shida na wewe, afu nna stori, ila ni kitu kilekile.

Juzi nimerudi Tabora kwa treni yetu ileile (SGR yako inaishia Dodoma, mi na mizigo na mtoto mgongoni sigombanii basi pale). Chumba cha daraja la pili, wanawake watupu, kitanda cha mbele yangu kakaa kikongwe, macho mekunduuu. Wewe umekulia Shinyanga, unajua nilichowaza. Nikachukua khanga nikamfunika mtoto uso, na joto lile la Morogoro, analia, mi nakaza. Bibi aliona. Akageukia ukutani akalala.

Kesho yake Saranda, wauza kuku wakajaa dirishani, bibi kanunua nusu, kitu cha kwanza kachana kipaja kampa mwanangu. Nikashindwa kukataa, nikala na mie, kuku mgumu lakini mtamu! Tulivyopita Itigi mtoto akaanza kuharisha, basi mi nafua nepi kwenye kale kasinki, bibi ndo kambeba. Ndo akaniambia, sijamuuliza, "We mama, haya macho ni moshi tu."

Kwao Maswa kuni hamna, wanapikia mavi ya ng'ombe makavu, kibanda hakina dirisha, tangu yuko binti yeye ni kupuliza tu. Wifi yake alikuwa na macho hayohayo. Ng'ombe wa jirani wakafa, mganga akapiga ramli, usiku wakaja na mapanga. Bibi alikuwa uvunguni nyumba hiyohiyo. Anasimulia huku anamchezesha mtoto, yaani sauti haibadiliki hata kidogo, mi nimeshika nepi nimeganda. Toka siku hiyo akitoka nje anavaa miwani ya jua ya mjukuu, mkono mmoja umefungwa uzi. Kwenye treni aliivua, eti alidhani watu wanaotoka Dar hawana mambo hayo.

Mama Ima, na mi ndo nimemaliza chuo! Khanga ile nimeitundika, kila nikiipita... basi tu.

Shida yenyewe sasa. Mwezi ujao anakuja Mwanza kuangaliwa macho Bugando, mwanae kamtumia nauli ila pale hana mtu. Nimempa namba yako, samahani sikukuomba kwanza, alikuwa anashuka Malampaka na mi nashuka Tabora, tungeachana hivohivo. Anasalimia Kisukuma, wewe mwitikie tu, na usimkazie macho.

Utaweza kumpokea stesheni? Siku mbili tatu atalala wapi, kile chumba cha uani bado kipo au umepangisha? Na mama mkwe wako, maana yule hata paka akikohoa anaona mchawi, utamwambiaje? Au nije mwenyewe nikae naye? Na wewe presha imeshuka? Yule fundi wa makochi alirudisha hela au ndo imekula kwako? Nijibu hata kwa meseji, bibi anapiga simu kila jioni kuniuliza kama mtoto ameacha kuharisha.

Wako,
Mama Juni