"Sista, hakuna daktari wa kike?"

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie ubishi ambao umetushika sisi wasaidizi wa kisheria kwenye kundi letu la WhatsApp: sheria za kuwasaidia manusura wa ubakaji ziandike "jinsi", yaani mwili wa kike au wa kiume, au "jinsia", yaani nafasi na nguvu ambazo jamii inampa mtu kwa kuwa mwanamke au mwanaume? Wakili mmoja ninayemheshimu sana ameuita ubishi wa Wazungu walioshiba, akasema sisi tuna shida zetu. Nilikaribia kumkubalia, ila nikakumbuka usiku mmoja.

Ilikuwa saa nane usiku, kwenye hospitali moja hapa jijini. Binti wa miaka 16, mama yake kasafiri, majirani wakaniamsha nimsindikize. Kituoni tulikwishapita, PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, nilikuwa nayo mkononi. Mapokezi wakajaza fomu yao: jina, umri, "Jinsia: Me/Ke", wakazungushia Ke. Akaja daktari wa zamu, kijana mpole kwa kweli. Akaniamkia, akavuta pazia. Binti akaushika upindo wa khanga yangu kwa mikono miwili. Hakulia. Alimtazama muuguzi, si daktari, akauliza, "Sista, hakuna daktari wa kike?"

Muuguzi alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Daktari ni daktari, mwanangu."

Binti akakataa kupimwa. Tukakaa kwenye benchi mpaka saa mbili asubuhi zamu ilipobadilika, yeye akiwa na nguo zilezile, hajaoga, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asioge, ushahidi utapotea. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Saa sita zile nilizihesabu moja moja.

Sasa tuje kwa hao Wazungu. Scotland walikuwa na sheria ya mwaka 2014 iliyomruhusu manusura kuomba apimwe na mtu wa "gender" (jinsia) anayoitaka. Mwaka 2020, Bunge lao lilipokuwa likijadili sheria mpya ya uchunguzi wa kitabibu kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, mbunge Johann Lamont akapendekeza neno hilo litoke, liingie "sex" (jinsi). Marekebisho yenyewe yalikuwa maneno sita tu, lakini yaliwasha moto. Upande mmoja ulisema aliyebakwa anapoomba mwanamke anazungumzia mwili wa atakayemgusa, basi sheria iseme hivyo bila kuzunguka. Upande wa pili uliona mabadiliko hayo yanawanyooshea kidole watu waliobadili jinsia, na hayaongezi hata daktari mmoja wa kike. Desemba 10 kura zikapigwa: 113 wakakubali, 9 wakakataa. Siku chache baadaye mbunge Andy Wightman akajitoa chama cha Kijani kwa sababu ya mvutano huohuo.

Wenzetu, tuseme wazi, waligombana juu ya neno huku haki yenyewe ya kuchagua ikiwa imekwisha andikwa. Sikusudii kuuleta ugomvi wao Mbagala. Ila umenifanya nilitazame neno letu, na nimeliona limebeba mizigo miwili kichwani.

Angalia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na watakwimu wakatugawa kwa umri na jinsi. Ile fomu ya hospitali inauliza jambo hilohilo, lakini yenyewe inaliita jinsia. Nenda polisi, mlangoni pameandikwa "Dawati la Jinsia na Watoto", na hapo jinsia si Me wala Ke tena. Ni habari ya nani ana nguvu juu ya nani nyumbani, na kwa nini majirani wananyamaza. Kisha tuna wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na mtu wa kawaida akisoma Jinsia na Wanawake vimekaa bega kwa bega anahitimisha mwenyewe.

Nilimkuta baba mmoja chini ya mwembe nje ya kituo, jicho limevimba, mkewe kampiga na mwiko wa ugali. (Msicheke, mwiko wa mti mgumu ni silaha.) Alikuwa amesimama pale kwa muda mrefu. Nikamwambia aende dawati la jinsia. "Dada yangu, pale ni pa akina mama." Nilimwingiza mwenyewe, na afande wa kike aliyekuwa zamu alimpokea vizuri sana, sina la kulalamika. Kilichomzuia baba yule ni maandishi ya mlangoni.

Kwenye sheria mambo ni mazito zaidi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyowekwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ambayo mahakamani wanaiita SOSPA, kinasema ni kosa kwa mwanaume kumbaka msichana au mwanamke. Adhabu ni kuanzia miaka 30. Mvulana hayumo. Aliyeingiliwa, kesi yake inakwenda kifungu cha 154, kulawiti, na akiwa chini ya miaka 18 mkosaji anafungwa maisha, kwa hiyo siwezi kusema adhabu ni ndogo. Lakini kifungu hicho kinaadhibu tendo lililo "kinyume cha maumbile". Hakina habari na kukubali wala kulazimishwa. Mtoto kafanyiwa unyama, na karatasi ya mashtaka inazungumzia maumbile badala ya kumzungumzia yeye. Mwanamke akimtendea mvulana, tunakimbilia kifungu cha 138C, cha udhalilishaji mkubwa wa kingono, ambacho kinasema "mtu yeyote", ila ubakaji hakiuiti. Wakenya, majirani zetu, waliandika sheria yao ya 2006 wakianza na "mtu", wakaendelea.

Na sisi ndio wenye lugha iliyo rahisi kwa kazi hii! Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. "Alimpiga" inawabeba wote. Ukiona mwanaume katajwa, ujue mtu aliamua kumtaja. Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Mfasiri akifika kifungu cha 130 hana ruhusa ya kugeuza mwanaume kuwa mtu. Hiyo ni kazi ya Bunge, na ninaliomba Bunge liifanye. Lakini akikutana na "sex" hapa na "gender" pale, akaandika jinsia kotekote, ametufungia fundo ambalo mahakimu watahangaika nalo miaka na miaka.

Wakili wangu atasema najipinga: kwa mvulana nataka sheria isahau mwili, kwa binti nataka iukumbuke. Ndivyo hasa. Aliyeumizwa aitwe mtu, basi. Anayekuja kumgusa ili ampime, sheria itamke ni mwanamke au mwanaume, na neno jinsia lisikanyage hapo kabisa. Binti yule akiwa na usingizi na hofu hakuuliza jinsia ya daktari. Alisema "wa kike", na kila mtu chumbani alimwelewa.

Najua nitaulizwa madaktari wa kike watoke wapi saa nane usiku. Wengine ni matabibu na wauguzi wanaoweza kufundishwa kazi hiyo, wengine wako nyumbani na wana simu. Mganga mkuu anapanga zamu kwa kile anachobanwa nacho, na mimi sijaona karatasi inayomuuliza. Ile fomu ya mapokezi ina nafasi chini ya "Jinsia: Me/Ke", mstari mzima mtupu, nimeutazama kwa saa sita. Panatosha kuandika: "Unataka kupimwa na daktari wa kike au wa kiume?"

Msaidizi wa kisheria,
Mbagala, Dar es Salaam