Asante, kaka wa bajaji ya bluu

Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha na shule kufungwa. Mama yangu ana pumu, na vumbi la Dodoma linamtesa. Tukiwa kwenye daladala kutoka Nkuhungu akashikwa na kikohozi. Abiria wakapiga kelele, konda akatushusha njiani, jua la saa nane mchana. Siwalaumu sana, kila mtu alikuwa na hofu.

Bajaji tatu zilitupita. Ya nne ikasimama. Kaka yule alijifunga kitambaa puani, akakunja maturubai ya pembeni hewa ipite, kisha akafungua kidumu cha maji na kummiminia mama mikononi taratibu, huku akimpa kipande cha sabuni ya mche. "Shikamoo mama, pole. Twende." Alitufikisha hospitali, akasubiri zaidi ya saa nzima, akaturudisha hadi mlangoni. Nauli alichukua ya kwenda tu.

Wenye vyombo, mkimwona mzee anakohoa kando ya barabara, simameni.

Nawe kaka, jina sikukuuliza. Mama hajambo, bado anakuulizia. Pita nyumbani, kuna ugali na mlenda wako.